Kabidhi

Neno hili nyumbani kwetu lilikuwa na maana mbili.
Kabidhi ni mtu anayeshika mali ya wengine.
Kabidhi pia ni mtu asiyetumia ovyo,
kama marehemu mama, aliyekata kipande cha sabuni kwa uzi.
Jaji alipolitamka, kule Kivukoni,
mimi nilisikia maana ya pili.

Kampuni iliitwa Baridi Njema.
Vyumba vya barafu, Vingunguti, nyuma ya machinjio:
unanunua rafu, wachuuzi wa samaki wanaikodi,
kila baada ya miezi mitatu unapata chako.
Nilinunua rafu nne. Milioni mbili na laki nane,
pindo kwa pindo, sare za shule,
magauni ya harusi za watu wengine.
Mara ya kwanza walilipa. Ya pili walilipa.
Nikamshawishi hadi shoga yangu Mwanaidi.

Kumbe rafu moja imeuzwa kwa watu kumi na mmoja.

Mamlaka ikaenda mahakamani. Ni kazi yake.
Mkurugenzi akaapa hana kitu:
nyumba ya Mbezi ni ya mke, gari ni la shemeji,
na suti ile, nadhani, ni ya jirani.
Basi akateuliwa kabidhi, Wakili Chilongani,
mpole, viatu havina sauti,
akafunga geti kwa mnyororo mpya.
Mnyororo: elfu themanini na tano.

Nimeisoma ripoti yake, ukurasa wa kumi na moja,
kidole kikitembea kama sindano.
Mtathmini. Dalali. Mkaguzi wa hesabu, siku thelathini na mbili.
Dizeli ya jenereta, ili samaki wasioze;
nao wakaoza. Gari la kuwatupa.
Tangazo gazetini, la kututafuta sisi
ambao hatujapotea.
Saa za wakili, zimekatwa vipande vya dakika sita sita,
na hapo nikamkumbuka mama na sabuni yake.
Mlinzi wa usiku, mmoja.

Nikasimama. Nani analipa haya?
Jaji akavua miwani, akanijibu vizuri, hakunidharau:
gharama zitatoka kwenye mali,
kabla ya madai ya mtu yeyote.
Mali ipi, mheshimiwa?
Karani akaniambia niketi.

Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo tulivyofunzwa.
Huyu kachuma, wa kwao wakajifungia Mbezi,
sinia tukaletewa sisi, na maji ya kunawa.

Simwiti Chilongani mwizi.
Bila yeye zile mashine zingekwisha kung'olewa usiku,
na mimi ni fundi, najua hakuna mkono wa bure.
Ukiniletea nguo iliyochanika nakutoza uzi, nakutoza muda.
Lakini siku zote anayelipa ni mwenye nguo,
na aliyeichana
hajaulizwa hata bei ya kifungo.

Mwanaidi hanisalimii tena. Tunapishana Keko sokoni,
yeye anatazama nyanya.

Hesabu yangu ya jana, nyuma ya karatasi ya vipimo:
katika kila shilingi mia niliyoweka,
zimebaki thelathini na saba,
na kesi imeahirishwa hadi mwezi wa tisa.
Na kuahirishwa nako kuna bei.

Yule mlinzi wa usiku, mmoja,
ni Hemedi, mwanangu.
Alikuwa hana kazi mwaka na nusu. Nilifurahi, naapa,
nilimshonea sare mwenyewe.
Leo karudi asubuhi, macho mekundu,
akaweka elfu ishirini juu ya cherehani.
"Mama, ya mboga."

Nilizitazama kama mtu anayekutana na kanzu yake
mwilini mwa mgeni.
Nikazipokea kwa mikono miwili. Nikamwombea dua.
Jioni, alipojifunga mkanda na kushika tochi,
nikampa elfu mbili,
nauli ya kwenda kunilindia.